Draiva Mbili Nyumba Moja

Wasomaji wangu, mtaniwia radhi kwa ukimya. Siku tatu nilikuwa napigana na kompyuta.

Nina mahojiano ya saa sita na mtu aliyeniomba nisimtaje jina. Kuipeleka sauti yake kwenye seva za watu niliona ni kumsaliti. Nikaamua kuigeuza maandishi hapa hapa nyumbani kwa Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022. Kadi ya NVIDIA huisaidia iende kasi.

Ubuntu yangu tayari ilikuwa na draiva. Mimi kwa pupa nikaongeza kifurushi kiitwacho cuda kutoka ghala la NVIDIA. Kumbe hicho huja na draiva yake! Zikagombana. Kuwasha mashine, kioo cheusi. Na mahojiano yamo humo humo, nakala sina.

Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, nikapata pa kuandikia amri. Nikaondoa vifurushi vyote vya nvidia na cuda, nikarudisha draiva moja tu ya Ubuntu. Picha ikarudi, sauti ipo.

Kinachouma ni kwamba cuda sikuihitaji kabisa. Whisper hutumia PyTorch, na PyTorch huja na maktaba zake za CUDA. Inachotaka ni draiva isiyopitwa na wakati. Namba ya CUDA inayoonekana kwenye nvidia-smi ni kikomo cha draiva, si kitu ulichosakinisha.

Yule mtu nilimlinda na seva za watu, nikasahau kumlinda na pupa yangu. Leo nimenunua diski ya nakala.