Mawe ya Saruji na Samaki Watatu

Miongoni mwa kazi za mkufunzi wa Sayansi, iliyo nyepesi kuisema na nzito kuitenda ni kuwafundisha walimu watarajiwa kutengeneza zana kwa vitu vilivyomo katika mazingira yao. Kazi hiyo tumeisema ubaoni mara nyingi. Katika makala haya tunapenda kueleza jinsi tulivyoitenda sisi wenyewe, tukakosea mbele ya macho ya watoto, na jinsi kosa letu lilivyosahihishwa na mwanachuo tuliyekuwa tumekataa kumsikiliza.

Chuo chetu kiko pwani, mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi baharini. Hata hivyo, watoto wengi wa shule yetu ya mazoezi huijua bahari kwa juu tu: huona mashua, huona samaki waliokwisha kufa sokoni, lakini hawajapata kuona namna samaki anavyoingia mwambani kujificha, wala kaa anavyobeba kombe la konokono mgongoni. Tulipofika kwenye mada ya makazi ya viumbe tuliazimia kuwaletea darasani kipande kidogo cha bahari. Fundi wa vioo alituundia tangi la lita 60, akaliunganisha kwa gundi ya silikoni. Maji tuliyachota baharini wakati wa maji kujaa. Kilichobaki kilikuwa mawe, kwa kuwa samaki wa mwambani asiye na pango la kujificha hukosa raha, naye hudhoofika upesi.

Njia ya mkato ilikuwa kwenda mwambani na nyundo. Tulikwenda kweli, siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu alitutazama, akauliza, “Wanangu, hizo nyundo ni za nini?” Tulipomweleza alicheka kidogo, akasema, “Mnataka kumwonyesha mtoto nyumba ya samaki, nanyi mnaanza kwa kuivunja?” Tulirudi mikono mitupu, na tulistahili.

Yafaa ikumbukwe kwamba tumbawe si jiwe la kawaida. Hujengwa na wanyama wadogo mno, ambao hutoa katika maji kalsiamu kaboneti na kujifanyia mifupa. Mifupa hiyo, kizazi juu ya kizazi, ndiyo mwamba unaovunja nguvu ya mawimbi na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Zaidi ya hayo, baruti za wavuvi haramu na nyundo za wachimba mawe zimeharibu miamba katika sehemu nyingi za pwani yetu. Hifadhi ya bahari ya kwanza nchini Tanzania ilianzishwa huko Mafia mwaka 1995 kwa sababu kama hizo.

Haya yote tuliyaeleza darasani kwa kirefu, tena kwa ukali. Tulisema kwamba wachoma chokaa ni maadui wa bahari. Mwanachuo mmoja wa kike aliyekaa nyuma alinyosha mkono, akasema kwa sauti ya chini, “Samahani, Mwalimu. Baba yangu alichoma chokaa ya matumbawe miaka mingi. Chokaa hiyo ndiyo iliyonisomesha.” Darasa lilinyamaza. Nasi badala ya kumwuliza alichokijua tulijibu kwamba zama zimebadilika, tukaendelea na somo. Jibu hilo lilikuwa la mtu asiyetaka kukatizwa.

Tuliamua basi kutengeneza mawe yetu wenyewe kwa saruji. Mchanganyiko ulikuwa huu: kopo 1 la saruji, makopo 2 ya makombe ya chaza yaliyopondwa, kopo 1 la mchanga mkubwa uliooshwa vizuri, na makopo 2 ya chumvi ya mawe. Makombe yalikuwa yale yaliyotupwa jikoni baada ya chaza kuliwa. Maji yalitiwa machache, kiasi cha kuufanya mchanganyiko ushikamane ukifinywa mkononi bila kuchuruzika. Tulijaza sanduku mchanga wenye unyevu, tukachimba mashimo yasiyo na umbo maalumu, tukashindilia humo mchanganyiko. Vidonge vya mchanga mbichi viliyafanyia mawe mapango, nayo chumvi ilipoyeyuka baadaye iliacha vitundu vingi. Kila aliyeshika saruji alivaa glavu za mpira na kufunika pua kwa kitambaa, maana vumbi lake hudhuru mapafu na saruji mbichi huunguza ngozi.

Baada ya siku 2 tuliyatoa mawe, tukayafunika kwa magunia yenye maji kwa siku 7 ili saruji iendelee kukaza, kisha tukayaroweka katika maji baridi kwa siku 5. Siku ya somo la mfano ilikuwa imekaribia, na wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Tulitia karatasi nyekundu ya litimasi katika maji ya mawe, ikawa buluu. Tukaitia nyingine katika maji ya bahari, nayo ikawa buluu. Tukawatangazia wanachuo kwamba mawe yetu na bahari ni sawasawa.

Yule mwanachuo alinyosha mkono tena. Alikuwa amechovya vidole katika pipa, akisugua kidole gumba kwa cha shahada. “Mwalimu, maji haya yanateleza kama maji ya chokaa. Nyumbani tulikatazwa kuyagusa.” Tulimwonyesha karatasi ya litimasi, tukamwambia kwamba sayansi hupima, haipapasi.

Jioni tuliweka mawe tangini, na samaki watatu wadogo tuliowachota katika vidimbwi vya ufukweni. Asubuhi watoto wa darasa la tano waliingia kwa furaha. Maji yalikuwa na ukungu mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, na samaki wote watatu walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Mtoto mmoja aliuliza, “Wamelala?” Hatukuwa na jibu lililoandikwa katika andalio la somo. Baada ya kimya tulisema kwamba wamekufa, na kwamba waliokosea ni sisi. Wageni waliandika kitu katika madaftari yao. Somo likaishia hapo.

Mchana ule tulimwita mwanachuo yule, tukamwomba radhi mbele ya wenzake, kisha tukamwomba atufundishe. Alieleza jinsi mawe ya bahari yanavyopangwa juu ya magogo katika tanuri na kuchomwa mpaka yawe mepesi na meupe, jinsi yanavyofoka na kutoa joto yakimwagiwa maji, na jinsi baba yake alivyoiacha chokaa shimoni muda mrefu kabla ya kuitumia, kwa kuwa ile mpya ilikuwa kali. Tulipounganisha maelezo yake na kemia yetu mambo yakawa wazi. Saruji nayo hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, na inapochanganyika na maji hutoa chokaa iliyozimwa. Chokaa hiyo huendelea kuvuja katika jiwe kwa majuma mengi. Maji ya bahari yana pH ya 8 na ushei, ilhali maji yaliyolowesha saruji changa yaweza kufikia 12. Katika kipimo cha pH kila namba moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo tofauti ile haikuwa ndogo hata kidogo.

Litimasi haikusema uongo. Ilitujibu swali tulilouliza: je, maji haya ni alikali? Haikutuambia ni alikali kiasi gani, nasi hatukuuliza. Vidole vya mwanachuo vilikuwa vimejibu swali hilo la pili.

Tulianza upya, safari hii bila kutaja siku ya somo. Mawe yalirowekwa katika maji baridi, nayo maji yalibadilishwa kila baada ya siku 3, yakamwagwa mbali na bustani. Kwa kipimo tulichemsha maua makavu ya choya, tukayachuja na kuyaacha yapoe. Rangi yake huwa nyekundu katika ndimu, hubadilika kuelekea buluu na kijani kadiri alikali inavyoongezeka, na katika alikali kali sana huwa manjano. Kila juma tulipanga bilauri mbili: moja ya maji ya bahari, moja ya maji yaliyokaa na mawe siku 3. Tukatia katika kila moja matone sawa ya maji ya choya, tukalinganisha rangi. Juma la kwanza bilauri ya mawe ilikuwa karibu manjano. Juma la tatu ilikuwa kijani. Juma la saba hakuna mwanachuo aliyeweza kuzitofautisha bilauri zile bila kusoma lebo. Wenye karatasi za kupimia pH watumie hizo. Wasio nazo choya itawafaa.

Hata baada ya hapo hatukuwaingiza samaki. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa katika vitundu vya mawe huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa, lakini bakteria hao huhitaji muda wa kuzaliana. Kwa majuma 5 tangi lilikaa na maji ya bahari, mawe, pampu ya hewa na chembe chache za chakula cha samaki. Tuliweka alama kwenye kioo, na maji yalipopungua kwa mvuke tuliongeza maji ya mvua hadi alamani, kwa sababu mvuke huondoka na kuiacha chumvi, ambayo katika bahari ni kama gramu 35 kwa lita.

Ndipo tulipoingiza samaki mmoja, na baadaye wa pili. Waliyakagua mawe, wakachagua kila mmoja pango lake. Somo lilifundishwa na mwanachuo yule, si sisi. Aliweka mbele ya watoto kipande cha tumbawe kilichookotwa ufukweni, konzi ya chokaa katika chupa iliyofungwa, na jiwe la saruji. Akawaambia bila haya kwamba baba yake alichoma mawe kama yale ili watoto wake wasome, kisha akawauliza: “Mtu afanyeje asile njaa, na samaki asikose nyumba?” Watoto walibishana mpaka kengele ikalia. Hatukupata kusikia swali bora zaidi katika chumba kile. Muhula ulipokwisha samaki walirudishwa katika vidimbwi walikotoka.

Ndugu walimu watarajiwa, mtapelekwa katika shule ambazo huenda hazina maabara, lakini zina watoto wa wavuvi, wa wafinyanzi, wa wahunzi na wa wachoma mkaa. Watoto hao huja na elimu mikononi mwao. Kabla hujaiita kazi ya mzazi wa mtoto kuwa adui wa kitu chochote, mwulize mtoto kazi hiyo hufanywaje. Wala usipange siku ya somo kabla ya kujua zana yako yahitaji siku ngapi. Wageni waweza kungoja, saruji haiharakishwi. Na ukikosea mbele ya darasa, sema kwamba umekosea, maana watoto walikuwa wanatazama.

Mawe yale bado yamo tangini. Yameota mwani wa kijani, na mgeni asiyeambiwa hudhani yametoka baharini. Katika daftari letu la maandalio, chini ya tarehe ya somo lile la kwanza, tumeandika kwa wino mwekundu: samaki watatu.