Kamba ya Nguo ya Mama

Ukitokea Sumbawanga, utani wa radi hauukwepi. Kwenye chumba cha habari nilichoanzia kazi, Dar es Salaam, mtu akikopa hela yangu na kuchelewa kurudisha, wenzake walimwambia: "Mlipe huyo mapema, kwao wanatuma radi." Nilicheka nao. Wakati mwingine niliuendeleza mwenyewe, maana ulinisaidia kudai.

Utani ule uliniishia Novemba moja, mvua za kwanza zilipoanza. Kaka alinipigia usiku kuniambia Mama amerushwa akianua mablanketi.

Ufipa ni juu, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Mablanketi mazito yanatumika mwaka mzima, na yakifuliwa yanahitaji kamba imara. Ya kwetu ilikuwa ya waya. Upande mmoja ilifungwa kwenye kenchi la baraza, ikigusa bati. Upande wa pili ilifungwa kwenye mparachichi wa bibi, jirani yetu. Mvua ilipoanza Mama alitoka mbio, pekupeku. Aliposhika waya hakuweza kuuachia. Kilichomwokoa ni tope: aliteleza, akaanguka, uzito wake ukauchomoa mkono.

Nilifika siku ya tatu, kwa basi, kupitia Mbeya na Tunduma. Nyumba ilijaa watu na kesi ilishaamuliwa. Jioni ile radi ilikuwa imenguruma. Waya ulikuwa umefungwa kwa bibi. Bibi na Mama waliwahi kugombana kuhusu kuku. Hakuna aliyetamka neno uchawi mbele yangu. Walisema tu, "Wewe msomi, utaelewa mwenyewe." Nikauliza kama bibi amekuja kutoa pole. Wakanyamaza. Kumbe alikuja siku ya kwanza, akarudishwa mlangoni.

Nimewahi kuandika habari za vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Najua zinavyoanza. Huanza hivi hivi, watu wakikaa barazani na kuambiana "utaelewa mwenyewe". Inasemwa jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Usiku ule nililala chumba kimoja na Mama, nikiwaza kwamba tukikosea, tutamtupa mtu.

Asubuhi nilimtafuta fundi umeme. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, hii nyumba ina umri gani?"

Baba aliijenga miaka ya themanini, wakati umeme wa mji ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Wakati huo nyumba ilikuwa na taa chache na redio. Baadaye mji ukaanza kuletewa umeme kutoka Zambia, na sisi tukaongeza friji, pasi, televisheni na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Waya zilibaki zile zile.

Fundi alizima mein swichi, akapanda darini, akaniita nikaone. Waya wa taa ya baraza ulipita kati ya kenchi na bati bila bomba la plastiki. Kila kiangazi upepo wa Ufipa hulitikisa bati, na kila lilipotikisika liliusugua ule waya. Plastiki yake ilikuwa imelika, shaba inaonekana. Bati lote lilikuwa na umeme, na kamba ya nguo ikiwa imefungwa pale, nayo pia.

"Mbona kiangazi chote hakumrusha mtu?" nikauliza.

"Ardhi ilikuwa kavu, na watu huanua nguo na ndala miguuni. Siku ile kulikuwa na maji kila mahali, na mama alikuwa peku. Umeme ukapata njia ya kwenda chini."

"Na fyuzi?"

Akanieleza taratibu. Fyuzi inalinda waya usiungue. Hukatika umeme mwingi unapopita. Wa kumuua mtu ni kidogo sana, fyuzi hata haiusikii. Tena ya kwetu mtu alishaifunga kwa kipande cha waya mnene ili isisumbue. Tulipotafuta waya wa athi, tuliukuta umekatwa na kufukiwa chini ya saruji siku baraza lilipoongezwa. Baraza lile tuliliongeza kwa hela yangu. Nilitumiwa picha, nikajibu "hongereni".

Kazi ilichukua siku mbili. Waya mpya ndani ya mabomba. Breka badala ya fyuzi, taa zikitenganishwa na soketi. Athi rodi mpya karibu na bomba la maji, penye unyevu hata kiangazi, maana ardhi kavu haipokei umeme vizuri. Na kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD: kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipungua kwa miliampea 30 kinakata mara moja. Kina kitufe cha kujaribia, Mama anakibonyeza kila mwezi. Bei yake ilinitia aibu. Haikufika ya simu niliyokuwa nayo mkononi. Kamba ya nguo sasa ni ya naironi, na haigusi bati.

Radi ya kweli bado ipo. RCD haiizuii. Ikinguruma tunachomoa friji na televisheni, na hatukai chini ya mti.

Wajomba niliwapandisha ngazi mmoja mmoja wakaone ile shaba. Wawili walikubali. Mmoja alisema, "Sawa, lakini nani aliyemtuma upepo?" Sikuwa na waya wa kumwonyesha kwa hilo.

Jioni nilikwenda kwa bibi na Mama, mkono wake ukiwa bado na bandeji. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Mama hakunisubiri. Alisema, "Shikamoo. Tulikukosea. Ilikuwa bati."

Bibi aliitikia marahaba, akatupa viti, akakaa kimya muda mrefu akiangalia juu ya nyumba yake.

"Huyo fundi bado yupo?" akaniuliza. "Na mimi nina bati."