Fundi wa Barazani na Kiwanda cha Urafiki

Mafundi cherehani wa Mchafukoge, Dar es Salaam, tulitabiriwa kifo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa mwanagenzi kwenye baraza moja ya Mtaa wa Uhuru, ambao watu wazima walikuwa bado wanauita Kichwele, na maneno yalikuwa yale yale kila siku: serikali inajenga viwanda, nguo zitatoka huko zimekwisha kushonwa, nasi turudi kijijini tukalime. Nimekaa kwenye biashara hii hadi mvi zimeniota, na niliyoyaona ni kinyume chake. Kiwanda kilipokuwa hai, nasi tulikuwa hai. Kilipougua, tukaugua pamoja nacho.

Kazi ya baraza ilikuwa na utaratibu wake. Ndani ya duka Mhindi aliuza kitambaa kwa yadi. Nje, mlangoni kabisa, alikaa fundi. Mteja akishalipia yadi zake alitoka hatua mbili, akapimwa. Mwenye duka alipata wateja kwa sababu ya fundi, na fundi alipata kivuli kwa sababu ya duka. Fundi wangu alikuwa mzee wa makamo, futi kamba shingoni, chaki nyuma ya sikio, mbele yake cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa mguu. Kazi zangu zilikuwa kupuliza mkaa wa pasi, kutia vifungo na kuokota nyuzi.

Kazi ya kwanza niliyoruhusiwa kuifanya peke yangu ilikuwa pindo la khanga. Doti ilikuja vipande viwili vimeungana. Unaikata katikati kwa mkasi, unakunja ukingo mara mbili kwa kidole gumba bila kipimo, unaupitisha chini ya sindano huku mguu haupumziki. Mama mwenyewe anasubiri kwenye benchi na kikapu chake cha Kariakoo, jicho lake kwenye mkono wako. Pindo likipinda anakwambia palepale, "Mwanangu, fumua."

Khanga hizo zamani zilitoka mbali: India, Uingereza, Uholanzi, Japani. Mwaka 1968 ndipo kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Hapo pamba iliingia ikiwa robota, ikasokotwa, ikafumwa, ikapigwa chapa, ikatoka khanga na kitenge. Mwanza nako kukawa na Mwatex, na Gongo la Mboto Sunguratex. Dukani tukaanza kuona vitambaa vya pamba iliyolimwa Usukumani na kufumwa hapa hapa nchini, na bei yake mtu wa kawaida aliiweza.

Kaka yangu aliajiriwa Urafiki, upande wa kufumia. Tulikaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, na kazi yake ikaibadilisha nyumba nzima. Kabla ya hapo wote tuliamka kwa adhana na kulala baada ya isha. Sasa kulikuwa na zamu. Wiki ambayo kaka alikuwa zamu ya usiku, mchana alilala, na mama alikuwa akiwafukuza watoto ukumbini: "Nendeni mkachezee nje, mwenzenu ametoka kazini." Mwezi wa Ramadhani daku alikula kiwandani. Alirudi na vumbi la pamba kwenye nyusi na nywele, na alizungumza kwa sauti ya juu hata mkiwa mmekaa jirani, kwa sababu kwenye kelele za mitambo ile walizoea kuelewana kwa mikono na kwa kutazamana midomo. Alikuja pia na kitu ambacho hakuna fundi wa barazani aliyekuwa nacho: mshahara wa mwezi, likizo, na pensheni ya kutarajia.

Mshahara huo ndio uliobadilisha kalenda yetu. Zamani fundi alikuwa na misimu: Idi, Krismasi, na shule zinapofunguliwa. Viwanda vilipoongezeka Ubungo, Chang'ombe na Barabara ya Pugu, tukapata msimu mpya kila mwisho wa mwezi. Vijana waliopokea mshahara walishuka kwenye basi la UDA wakaja moja kwa moja kupimwa suruali. Walitaka pekosi na bugaluu, chini pana kama mdomo wa tarumbeta, ingawa Vijana wa TANU, chama tawala, walikwishapiga vita mavazi ya kigeni kwa Operesheni Vijana mwaka 1969. Wakubwa wa ofisini walitaka suti ya Chou En-lai. Sisi tulishona zote. Kiwanda kilitoa kitambaa na kikatoa mshahara wa kukinunulia. Kilichobaki kilikuwa mkono wa fundi.

Mambo yalianza kukaza taratibu. Mwaka 1971 majumba mengi ya ghorofa pale mjini yalitaifishwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na wenye maduka kadhaa wakafunga virago kwenda Uingereza na Kanada. Kisha bei ya mafuta ikapanda, ikaja vita ya Kagera mwaka 1978, na fedha za kigeni zikaadimika. Kaka alisimulia mitambo iliyosimama kwa kukosa kipuri kimoja tu. Kufikia mwaka 1983, ule wa vita dhidi ya walanguzi, khanga ilikuwa kitu cha foleni na cha kujuana na mtu. Tulikaa barazani na vyerehani vizima, wateja wenye fedha mkononi, na kitambaa hakuna. Uzi tuliufumua kwenye nguo kuukuu tukautumia tena.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, na Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka uliofuata, rafu zilijaa haraka. Sitalaumu watu walioshangilia, nami nilishangilia. Lakini marobota ya mitumba nayo yaliingia, na shati lililokwisha kushonwa Ulaya au Marekani likauzwa kwa bei ndogo kuliko ujira wangu wa kushona, kabla hujahesabu kitambaa. Kijana aliyekuja kupimwa suruali mpya sasa alikuja na suruali ya mtumba: "Fundi, nipunguzie kiuno." Wengi wetu tukawa mafundi wa kupunguza na kuziba. Viwanda vya nguo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Urafiki ilipata wabia wa China mwaka 1997, lakini ule wingi wa watu wa zamu haukurudi.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kubana soko lake, Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo. Sikushangaa. Kupiga marufuku mtumba wakati sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa nje ikiwa ghafi ni kumvua mtu nguo kabla hujampa nyingine.

Leo Mchafukoge ni maghorofa, na baraza nyingi zimemezwa. Mafundi wa pindo bado wapo Mtaa wa Uhuru, ingawa khanga wanazokunja nyingi zinatoka India na China. Kila msimu wa uchaguzi nasikia ahadi za viwanda, na sizipingi hata kidogo. Nawaomba tu wanaoziahidi wasihesabu mitambo peke yake. Wamhesabu mkulima wa pamba, mpokea mshahara na fundi wa mlangoni, maana tuliishi kwa kutegemeana, na aliyeanguka wa kwanza aliwavuta wengine wote.