Kiti cha Mississippi

Kila ninapopitia orodha ya maseneta wa Mississippi, macho yangu hugota kwenye mwaka 1870. Hiram Revels, mchungaji mweusi, alifika Washington akiwa amechaguliwa na bunge la jimbo lake. Wapinzani wakafungua Katiba: seneta awe raia kwa miaka 9, na weusi, wakadai, wamepata uraia juzi tu. Mtu aliyezaliwa huru North Carolina! Kura zikawa 48 kwa 8, akaapishwa.

Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa, alimaliza kipindi chake Seneti mwaka 1881. Hadi 2024 jimbo halikuwa limempeleka mweusi mwingine. Kwenye Baraza la Wawakilishi, John Lynch alitoka 1883. Mike Espy aliyemfuata aliingia 1987. Hapo katikati mtu angezaliwa, azeeke, azikwe.

Wale 8 hawanisumbui sana. Walisema waziwazi, wakashindwa. Ninaowaogopa ni waliokaa kuandika katiba ya jimbo ya 1890. Walidai kodi ya kura, dola 2, tena mpiga kura asome kifungu cha katiba au akieleze. Rangi ya mtu hawakuitaja. Msajili ndiye aliyeamua nani ameeleza vizuri.