Mikasa Ipo, Dreadnought Haipo

YOKOSUKA, JAPANI

Manowari Mikasa haielei tena. Imezungushiwa saruji kwenye bustani ya ufukweni, na mbele yake imesimama sanamu ya Admirali Togo Heihachiro, aliyewashinda Warusi kwenye mapigano ya Tsushima, Mei 1905, akiongoza kutoka sitaha hii hii. Wenyeji huwaleta watoto wao hapa, na meli inatunzwa kwa heshima kubwa.

Nilikwenda kutazama mizinga. Mikubwa ni minne tu, ya inchi 12: miwili omoni, miwili tezini. Mbavuni ilipangwa mingine 14 ya inchi 6. Ndivyo manowari zote za zama zile zilivyoundwa, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mlenga shabaha hujisahihisha kwa kutazama maji yanavyoruka pale risasi inapoangukia. Mizinga ya ukubwa tofauti ikifyatuliwa pamoja, hawezi kujua maji yapi yamerushwa na mzinga upi.

Mikasa iliundwa Uingereza, na kampuni ya Vickers mjini Barrow-in-Furness. Na ni Waingereza walioifanya ipitwe na wakati, kwa hiyo nikaifuata habari hiyo kwao.

PORTSMOUTH, UINGEREZA

Katika bandari hii mkuku wa manowari HMS Dreadnought uliwekwa tarehe 2 Oktoba 1905. Mfalme Edward wa Saba aliishua tarehe 10 Februari 1906, na Oktoba hiyo ikaingia baharini kwa majaribio. Mwaka mmoja! Admirali John Fisher ndiye aliyeihimiza kazi, hata mizinga iliyoagizwa kwa ajili ya meli nyingine ikachukuliwa. Lakini sifa ninawapa kwanza mafundi wa Portsmouth, ambao majina yao hayatajwi.

Ilibeba mizinga mikubwa 10, yote ya inchi 12, na minane kati yake iliweza kulenga upande mmoja kwa pamoja: mara mbili ya Mikasa. Ilikuwa manowari kubwa ya kwanza kusukumwa na turbini za mvuke, ikafikisha maili 21 za baharini kwa saa, wakati Mikasa iliishia 18. Haikukosa kasoro. Mlingoti wa waangalizi ulisimikwa nyuma ya dohani ya mbele, hivyo moshi na joto viliwafuata huko huko juu.

Siku ilipokamilika, manowari zote duniani zilizeeka, pamoja na za Uingereza yenyewe. Ujerumani ikaanza kuunda za aina hiyo, ikalazimika hata kuupanua Mfereji wa Kiel ili zipite.

Utumishi wa Dreadnought lakini haukulingana na jina lake. Mwaka 1910 vijana wa Kiingereza, akiwamo mwandishi tuliyekuja kumjua kama Virginia Woolf, walijipaka rangi nyusoni, wakajifanya wana wa kifalme wa Uhabeshi na kutembezwa melini kwa taadhima. Ndugu yake Adrian, aliyejifanya mkalimani, alijaribu kujifunza Kiswahili kidogo wakiwa ndani ya gari moshi. Uafrika ulifanywa vazi la mzaha, na jambo hilo linaniuma. Tarehe 18 Machi 1915 Dreadnought iliigonga nyambizi ya Kijerumani U-29 na kuizamisha na watu wake wote. Kwenye mapigano makubwa ya Jutland, 1916, haikuwapo, ilikuwa matengenezoni. Mwaka 1921 iliuzwa kama chuma chakavu, ikakatwakatwa Uskoti.

Leo Portsmouth ina HMS Victory, iliyohifadhiwa kwa ushindi wa Trafalgar. Ina pia HMS Warrior ya 1860, ambayo haikupigana hata mara moja. Iliokoka kwa sababu ilitumika miaka mingi kama gati la mafuta huko Wales. Dreadnought haikuwa na ushindi wa kukumbukwa, wala haikupewa kazi ya uzeeni.

Kwa maoni yangu, Uingereza ilikosea kuiacha ipotee. Meli iliyobadilisha majeshi ya majini ya dunia nzima ilistahili kuonwa, ili vizazi vijue mashindano ya silaha huanza vipi. Msomaji mwenye nafasi aione Mikasa, kisha aitafute USS Texas huko Marekani. Hiyo, iliyoanza kazi 1914 na mizinga yake 10, ndiyo pekee ya aina ya Dreadnought ya zama zile iliyobaki duniani.