Pikipiki Kuukuu na Ukaguzi wa Kila Mwaka

 Sisi ni waendesha boda na mafundi wa steji moja hapa Base Camp, Nakivale. Wengi wetu tumetoka Kongo na Burundi, wengine Rwanda, na yuko pia mwenyeji wa Isingiro. Tunaandika juu ya kitu ambacho karibu kila familia hapa inakitegemea kwa namna fulani, hata ile isiyokuwa nacho. Ni pikipiki iliyozeeka, na namna inavyotoka pale inapowekwa mbele ya mkaguzi.

Pikipiki mpya kabisa ni chache katika steji yetu. Nyingi zimenunuliwa Mbarara, mkono wa pili au wa tatu, baada ya mtu mwingine kuzitumikisha mjini miaka minne au mitano. Hapo ndo sisi tunaanza nazo. Zinabeba mahindi kutoka Juru, majerikeni ya maji, magunia ya mkaa, watoto wa shule, na usiku zinabeba mama mwenye uchungu kumpeleka kituo cha afya. Kwa hiyo mtu akisema "pikipiki kuukuu ziondolewe barabarani", kwetu ni sawa na kusema nusu ya steji ilale nyumbani. Na mtu akisema "ziachwe tu zitembee", basi hajawahi kushuka mlima na breki isiyoshika.

Kwanza tuseme kidogo habari ya sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini haituondolei sheria za barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haitaki chombo kibovu kitembee njiani, na mkaguzi wa magari wa polisi anaweza kukisimamisha. Mwaka 2016 kampuni ya SGS ilianza kukagua vyombo kwa mkataba na serikali, katika vituo vilivyojengwa sehemu mbalimbali za nchi, Mbarara ikiwemo. Watu walinung'unika sana, hasa kuhusu malipo, na mwaka 2017 Bunge likataka ukaguzi ule wa lazima usimame. Baadaye vituo vikarudi mikononi mwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Waliokaa kambi za Kigoma watakumbuka pia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani kule Tanzania, polisi wanapokagua vyombo na kubandika stika.

Lakini tuseme ukweli: mwendesha boda wa hapa kijijini anakutana na mkaguzi mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale polisi wanapomsimamisha kwenye lami ya Mbarara. Mara ya pili ni baada ya ajali, mkaguzi anapokuja kuandika ripoti ya kilichoharibika. Hiyo ya pili ndo iliyotuamsha. Kulikuwa na mwendesha boda wa steji ya jirani aliyeanguka kwenye mteremko wakati wa mvua, amebeba mama na mtoto. Namshukuru Mungu, tunasema sote, walipona. Lakini mama alikaa wiki nyingi bila kushika jembe, na ripoti ilisema breki ya nyuma ilikuwa imekwisha kitambo. Tukakaa chini tukaulizana, kwa nini tungoje mkaguzi aje baada ya damu? Tangu hapo, kila mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa Februari, tunafanya ukaguzi wetu wenyewe. Siku mbili, chini ya mti, mafundi wanakagua, na mwenye pikipiki hakagui ya kwake.

Sasa, matokeo yakoje? Wengi hudhani pikipiki ya miaka kumi itaanguka kwa sababu ya injini. Hapana. Injini za Boxer hizi ni ngumu, na fundi wa kawaida anazijua kama kiganja chake. Kinachoangusha pikipiki kuukuu mara nyingi ni vitu vidogo. Taa ya breki haiwaki kwa sababu swichi imejaa vumbi. Indiketa zilivunjika siku ilipoanguka, mwenyewe akazitoa. Honi imekufa. Vioo vya pembeni vimeondolewa ati vinazuia mizigo. Hivyo vyote kwa pamoja vinachukua nusu siku kutengeneza, na balbu moja bei yake ni chai na chapati. Ndiyo maana kwenye ukaguzi wetu pikipiki nyingi huanguka asubuhi na kupita jioni ya siku hiyohiyo.

Kundi la pili ni vitu vinavyokula polepole, na mwenyewe hasikii kwa sababu amevizoea siku baada ya siku. Hapa vumbi letu jekundu lina kazi kubwa. Likichanganyika na oili chafu ambayo watu wanapaka kwenye cheni, linakuwa kama tupa, linasaga cheni na meno ya sproketi. Fundi wetu mzee, ambaye alijifunza kazi Uvira, anafundisha vijana hivi. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ukisikia unakwama katikati kama una kishimo, beringi za usukani zimekwisha. Shika foku chini, vuta na sukuma. Zikicheza, hiyo pikipiki itatikisika kwenye mwendo. Nenda nyuma, shika ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, usukume pembeni. Haufai kucheza. Piga spoki moja moja kwa spana, iliyolegea italia tofauti na wenzake. Kisha cheni: ikipanda na kushuka zaidi ya upana wa vidole viwili, ikazwe, na kama imeshafika mwisho wa kukazwa, inunuliwe nyingine pamoja na sproketi zake. Kuweka cheni mpya juu ya sproketi ya zamani ni kutupa pesa.

Tairi ndo zinaleta ugomvi. Kuna watu wanachukua tairi iliyokuwa upara na kuikata mistari upya kwa kisu cha moto. Kwa macho inaonekana ina meno, kumbe mpira umebaki kama karatasi. Hiyo sisi hatuipitishi hata kama mwenyewe ni rafiki wa mwenyekiti. Barabara yetu ya changarawe ina mawe makali mpaka ufike lami ya Mbarara na Kikagati, na tairi ya mbele ikipasuka ukiwa na watu wawili nyuma, hakuna ufundi wa kuokoa.

Kundi la tatu ni karatasi, na hapa wakimbizi tunaumia kuliko wenyeji. Pikipiki kuukuu imepita mikononi mwa watu wengi. Kadi yake, ile logibuku, bado ina jina la mtu wa kwanza, ambaye labda yuko Kampala au hajulikani aliko. Tena injini ilibadilishwa mwaka fulani, namba iliyopigwa kwenye injini si ile iliyo kwenye kadi. Mkaguzi akiona hivyo, hawezi kujua kama ni mali yako au imeibiwa. Breki zako zinaweza kuwa nzuri kama za pikipiki ya dukani na bado ukalala bila chombo. Kwa hiyo tunawaambia wanaonunua: kabla hujatoa hela, inama usome namba ya fremu na namba ya injini, zilinganishe na kadi, mpige muuzaji swali, na mwende pamoja kubadilisha jina. Muuzaji akikataa kwenda, nawe kataa kununua. Bei rahisi ya hivyo huwa ni ghali baadaye.

Tumezungumza mara nyingi: pikipiki inazeeka kwa miaka au kwa kazi? Ndugu zetu waliohamishiwa Uingereza wanatueleza kwamba huko pikipiki ikifikisha miaka 3 inaanza kukaguliwa, halafu kila mwaka. Huo utaratibu ulianza mwaka 1960, na wakati huo ulihusu magari yaliyopita miaka 10. Lakini sikieni ajabu: tangu Mei 2018, chombo kilichopita miaka 40, kama hakijabadilishwa sana, hakilazimiki tena kukaguliwa kila mwaka. Tulicheka sana tuliposikia. Yaani kikongwe ndo kinaachwa? Lakini ukifikiri, kuna sababu. Pikipiki ya miaka 40 kule ni kipenzi cha mtu. Inafunikwa kwa shuka, inatolewa siku za jua, inatembea kidogo kwa mwaka. Ya kwetu ikitembea kilomita 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni kilomita 24,000. Ndani ya miaka 10 ni kilomita 240,000, sawa na kuizunguka dunia mara sita, tena na gunia nyuma. Ndiyo maana sisi hatuulizi pikipiki ina miaka mingapi. Tunauliza imebeba nini, na imetunzwa na nani. Kwenye steji yetu kuna moja kongwe kuliko zote, ya mzee mmoja Mrundi anayeifuta vumbi kila jioni kabla ya kula, na mwaka juzi ilipita bila kasoro hata moja, wakati ya kijana wetu ya miaka mitatu ilianguka kwa vitu vitano.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho utunzaji haukiponyi, nacho ni fremu iliyopasuka. Mwaka jana ililetwa pikipiki ya mama mmoja mjane wa Juru. Aliiachiwa na marehemu mume wake, akampa kijana aiendeshe, na hesabu ya siku ndiyo iliyokuwa inalisha watoto wanne na kuwanunulia madaftari. Taa ziliwaka, breki zilishika, cheni ilikuwa mpya. Fundi alipofuta matope chini ya kiti, pale keria ya mizigo inapofungwa, akaona mstari mwembamba wa kutu. Akaufuata kwa kidole, ukazunguka bomba la fremu karibu nusu. Ilikuwa imewahi kuchomelewa hapo, na chuma kilikuwa kimepasuka pembeni ya ule mchomeleo.

Tulinyamaza sote. Kijana akasema ichomelewe tena, ataenda polepole. Mama hakusema kitu, alitutazama tu. Mmoja wetu akauliza, nani kati yetu atampandisha mtoto wake nyuma ya hiyo pikipiki? Hakuna aliyeinua mkono. Basi ikaandikwa: imeanguka, isirudi barabarani.

Mama alilia, na tusidanganyane, hatukuwa na cha kumfuta machozi siku ile. Alituambia, "Wanangu, hamjavunja pikipiki, mmevunja sufuria." Maneno hayo tunayo mpaka leo. Tulimsaidia kuuza injini, magurudumu na taa kama spea kwa fundi wa Mbarara, na tukaongeza kidogo kutoka mfuko wa steji. Sasa anauza samaki wa ziwani sokoni. Haipati sawa na hesabu ya zamani, anatuambia hivyo wazi kila tukipita. Kijana wake amepata pikipiki nyingine ya kuendesha, na kila mwezi wa kwanza yeye ndo wa kwanza kulala chini ya fremu na tochi.

Baada ya jambo hilo tuliongeza kanuni mbili. Kwanza, kila mwanachama anaweka kidogo kila wiki kwenye mfuko wa ukaguzi, ili pikipiki ya mjane au ya yatima ikianguka, familia isiachwe mikono mitupu. Wake zetu ndo wanaoshika daftari la mfuko huo, na hesabu inasomwa hadharani. Pili, fremu inaangaliwa kila baada ya miezi mitatu, bila kungoja Januari, hasa kwa zinazobeba magunia.

Na nyinyi familia mnaopanda, mna sehemu yenu. Kabla hujampandisha mtoto wako, mwambie kijana akanyage breki uone taa ya nyuma inawaka. Tazama tairi. Tazama kama cheni inaning'inia kama kamba ya nguo. Hata kwa usiku, hata kama mna haraka, hiyo ni dakika moja tu, na mwendeshaji mwenye heshima hatakasirika. Akikasirika, ita mwingine, steji haina mmoja.

Wenye steji zingine za Rubondo, Juru na Kabazana, tunawakaribisha mwezi wa kwanza mje muone tunavyofanya. Mafundi wetu hawatozi mgeni, mlete tu spana zenu na chai. Tunawatakia mvua za heri, barabara zisizo na mashimo mengi, na kila anayetoka asubuhi arudi jioni kwa watoto wake.