Shingo Yangu na Miwani Yangu

Ndugu msomaji, je, unavaa miwani? Je, shingo yako inauma jioni? Basi soma habari yangu.

Mimi ni mshona nguo. Ninakaa Kahama, mkoani Shinyanga. Nilipopata miwani nilifurahi. Niliweza tena kutunga uzi na kusoma. Lakini baada ya miezi michache shingo ilianza kuuma. Nilikanda kwa maji ya moto, lakini maumivu yalirudi. Jirani akasema, "Mama, miwani hiyo ndiyo adui yako. Ivue." Nikaivua. Shingo ikapata nafuu, lakini sikuona sindano. Sare za wanafunzi zikakaa bila kushonwa. Fedha ya unga ikakosekana.

Nikaenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia, "Mama, vaa miwani yako, nioneshe unavyoshona." Akaona kosa. Miwani yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya juu ni ya kutazama mbali, ya chini ni ya karibu. Ili nione sindano, niliinua kidevu na kusukuma kichwa mbele. Nilikaa hivyo kutwa.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5. Mume wangu, aliyewahi kuchimba dhahabu Geita, alielewa upesi. Alisema, "Nguzo ya shimo ikisimama wima, inabeba. Ikiinama, inachoka."

Haya ndiyo mazoezi niliyofundishwa:

1. Kaa wima. Tazama mbele. Rudisha kidevu nyuma bila kuinama. Hesabu hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10.

2. Weka kiganja kwenye paji la uso. Sukuma kichwa polepole, mkono ukizuia. Hesabu hadi 5. Fanya hivyo kisogoni na kila upande.

3. Vuta mabega nyuma, kama unataka viwiko vikutane mgongoni. Rudia mara 10.

Sikupona kwa siku moja. Nilifanya kila siku, na baada ya miezi miwili nikaona tofauti. Pia nilipimwa macho upya, nikapata miwani ya kazi ya karibu tu. Nikisoma, nainua kitabu. Sikiinamii.

Lakini kama mkono unakufa ganzi au unakosa nguvu, au uliumia kwa kuanguka, usianze mazoezi. Nenda zahanati kwanza.

Ndugu, usiitupe miwani yako. Inyoshe shingo inayoibeba. Sasa weka kitabu hiki chini, kaa wima, uanze.